Kesi za uongozi wa kanisa: jaji anaangalia nini hasa?

Swali ambalo halikosekani kanisa likiburuzana mahakamani ni hili: jaji, ambaye pengine hata sio wa dini hiyo, anapata wapi ubavu wa kusema nani ni askofu na nani sio? Upande ulioshindwa uchaguzi unasema haki itapatikana mahakamani, upande ulioshinda unasema mambo ya Mungu hayaamuliwi na serikali, alafu miaka kadhaa baadae wakibadilishana viti na hoja nazo wanabadilishana vilevile. Wote wawili wanaielewa mahakama vibaya. Jaji hakai pale kuamua nani kachaguliwa na Roho Mtakatifu. Anataka katiba ya kanisa, anataka muhtasari wa mkutano, anaangalia saini na tarehe, na kesi nyingi hata huko hazifiki maana zinaanguka mlangoni kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

Kwa nchi zilizorithi sheria za Uingereza mzizi wa mambo haya uko Cape Town. Mwaka 1861 askofu wa Anglikana wa huko, Robert Gray, aliitisha sinodi, na mchungaji mmoja anaitwa William Long akagoma kushiriki, akasema sinodi hiyo haina nguvu yoyote kisheria na yeye hajawahi kukubali kuongozwa nayo. Akasimamishwa, baadae akavuliwa kabisa. Kesi ikapanda mpaka Privy Council kule London, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na mwaka 1863 Long akashinda. Sababu waliyotoa ndo inatumika mpaka leo: pale ambapo kanisa sio dini rasmi ya dola, mbele ya sheria liko sawa na chama kingine chochote cha hiari, halina hadhi ya juu zaidi wala ya chini zaidi. Yaani ni kama kikundi cha kufa na kuzikana tu, mmekaa, mmekubaliana masharti, mmeyaandika, basi yatawabana wote kuanzia mwenyekiti mpaka aliyejiunga jana. Askofu alikuwa na mamlaka, ila mamlaka yale tu ambayo Long aliyakubali alipoingia, na kuhudhuria sinodi ile hakukuwemo.

Kwa hiyo ile hoja ya kwamba "katiba ya nchi inakataza serikali kuingilia dini" ni kweli lakini haifiki mbali kama watu wanavyodhani. Katiba ya Tanzania ibara ya 19 inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, Kenya nao ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Hiyo inamzuia waziri kuwateulia askofu, inamzuia jaji kusema mafundisho yenu ya ubatizo ni potofu. Haimzuii jaji kusoma mkataba mlioandika wenyewe na kuuliza kama mliufuata, na wakili yeyote anayejua kazi yake ataivaa kesi kwa nguo hiyo, hataandika "askofu ni mzushi" ataandika "mkutano ulikosa koramu", yaani akidi, idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni tuone inavyokuwa. Kanisa lina wajumbe 180 wa mkutano mkuu. Katiba yao inasema mkutano unaitishwa na katibu mkuu, kwa barua, siku 21 kabla, ajenda ikiwa imeambatanishwa, akidi ni theluthi mbili ya wajumbe halali, na mwenyekiti anaweza kuondolewa kwa theluthi mbili ya kura za waliohudhuria. Sasa katibu ni mtu wa mwenyekiti, hawezi kuitisha kikao cha kumng'oa bosi wake, kwa hiyo makamu mwenyekiti anaitisha yeye, tangazo linarushwa kwenye grupu la WhatsApp siku 12 kabla, ajenda ziko 7 na ya saba ni "mengineyo". Wanafika kwenye mengineyo mzee mmoja anasimama anasema hatuna imani na mwenyekiti, ukumbi unalipuka vigelegele, kura zinapigwa, 81 kati ya 90 wanasema aende. Jumapili kaimu anatambulishwa.

Muumini wa kawaida akiangalia pale anaona 81 kwa 9, watu wamemchoka mtu, kuna nini tena cha kujadili. Jaji anaona kitu kingine kabisa. Nani kaitisha? Makamu, wakati katiba inasema katibu, na hakuna kifungu kinachosema katibu akigoma nini kifanyike (katiba nyingi za makanisa zina tundu hilohilo, ziliandikwa na watu waliokuwa wanapendana). Taarifa ilitoka lini na kwa njia gani? Siku 12, tena kwa simu, na kuna wajumbe wanaapa hawamo kwenye hilo grupu. Mjumbe aliyebaki nyumbani angejua kwamba siku hiyo mwenyekiti anaondolewa? Asingejua, maana "mengineyo" haimwambii mtu chochote, na kumwondoa kiongozi mkuu sio jambo la kuokotwa mwishoni mwa kikao watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu.

Alafu inakuja koramu. Theluthi mbili ya 180 ni 120. Daftari la mahudhurio lina saini 131, safi. Ila waliopiga kura ni 90. Wengine 41 wako wapi? Upande mmoja utasema koramu inahesabiwa mkutano unapofunguliwa na ilitimia, upande wa pili utasema inatakiwa iwepo mpaka uamuzi unapofanyika, na kama katiba yao haijasema lolote hapo ndo mawakili wanapopata kazi ya mwaka mzima. Mtu analeta daftari lenyewe, anaonyesha kwamba saini za ukurasa wa 4 zimeandikwa na mkono mmoja. Mwingine anasema wajumbe 12 wametoka kwenye mtaa mpya ambao halmashauri haijawahi kuupitisha, kwa hiyo hao ni mamluki. Sio kila dosari inaua uchaguzi lakini, majaji wengi huwa wanauliza kama kasoro hiyo ingeweza kubadilisha matokeo. Wapiga kura 3 wasio halali kwenye ushindi wa kura 60 hawatikisi kitu, ila ukikosa akidi hakuna mkutano, na kama hakuna mkutano hata kura 90 kwa 0 ni bure.

Na kuna kitu ambacho majaji hawana utani nacho kabisa, haki ya kusikilizwa. Mwenyekiti aliandikiwa tuhuma? Alipewa muda wa kujibu? Aliyemshtaki ndo huyohuyo aliyeongoza kamati ya kumchunguza? Hapa makanisa yanapigwa sana, maana viongozi wanaona dhambi ya mtu inajulikana na kila mtu, ya nini kumuita. Ukishamfukuza bila kumsikiliza, haijalishi alikula hela za ujenzi zote, uamuzi wako unafutwa. Anarudi ofisini. Watu wanatoka mahakamani wakiimba kwamba "mahakama imemsafisha" wakati jaji hajasema hata neno moja kuhusu hela, kasema mlimtoa kwa mlango usio sahihi, na mkirudi mkaitisha kikao vizuri mnaweza kumtoa tena mwezi ujao.

Lakini kama nilivyosema, nyingi haziendi umbali huo. Mdaiwa anapopewa tu hati ya madai, wakili wake anaweka pingamizi la awali, yaani anasema hata kama yote mdai anayoyasema ni kweli, kesi hii kisheria haisimami. La kwanza kabisa ni jina. Tanzania kanisa linamiliki mali na kushtaki au kushtakiwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini, iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ukishtaki "Kanisa fulani" tu, au ukimshtaki mchungaji fulani kama yeye ndo kanisa, unaweza kuambiwa umemshtaki mtu ambaye hayupo. Wewe nawe ukija na waumini wenzako 200 bila kuomba kibali cha kesi ya uwakilishi, unaulizwa hao 200 umepewa ruhusa na nani kuwasemea. Kenya kanisa lililosajiliwa kama jumuiya ya kawaida sio mtu kisheria, linashtakiwa kupitia viongozi wake, na hapo unaona utamu wenyewe, viongozi ni akina nani wakati hilo hasa ndo mnalogombania?

Pingamizi la pili ni kutomaliza ngazi za ndani. Katiba ikisema malalamiko yaende baraza la wazee, kisha halmashauri, kisha sinodi, wewe ukaruka moja kwa moja mpaka Mahakama Kuu, utarudishwa. Kuna njia ya kujinasua hapa, ukionyesha kwamba ngazi yenyewe haipo au imekaliwa na watu walewale unaowalalamikia, ila lazima uionyeshe kwa ushahidi, "hawa hawatanisikiliza" peke yake haitoshi. Na wapo waliokata tamaa baada ya kutupwa nje mara ya kwanza wakaacha kabisa, wakati kesi iliyotupwa kwa sababu za kiufundi kwa kawaida inaweza kurudi ikishatengenezwa.

Hapo kwenye usajili tukae kidogo, maana kuna fujo ambayo watu hawaijui. Kwa Tanzania kuna madaftari mawili. Viongozi wa jumuiya wanatambuliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Wadhamini wanatambuliwa RITA, ambayo iko upande wa Katiba na Sheria. Kanisa likipasuka unaweza kukuta kundi moja limewahi kupeleka majina kwa msajili, kundi lingine ndo limeshika wadhamini na hati za viwanja, kila mmoja ana barua yenye muhuri wa serikali na kila mmoja anaamini barua yake imemaliza ugomvi. Haijamaliza. Msajili anaandika kilicholetwa, akiletewa majina mawili tofauti anakwama. Kenya sheria ya vyama kifungu cha 18 inampa msajili silaha: akiona hajui tena viongozi halali ni nani, anaweza kuliandikia kanisa litoe ushahidi ndani ya mwezi mmoja kwamba mgogoro umekwisha au kwamba kuna kesi imefunguliwa kuumaliza, na wakikaa kimya anaweza kulifuta. Kwa hiyo kuna makanisa yaliyo mahakamani sio kwa sababu watu wake wanapenda kesi, ni barua ya msajili imewasukuma.

Zuio nalo. Kama unajua namna hizi kesi zinavyokwenda utajua vita halisi ni ya wiki ya kwanza. Askofu mteule anawekwa wakfu Jumapili, ombi la zuio la muda linaingia Alhamisi, likipatikana sherehe inasimama na maturubai yanang'olewa, lisipopatikana Jumapili ikapita basi ombi limebaki halina cha kuzuia kwa sababu jambo limeshafanyika. Kwa Tanzania vigezo vinakaririwa kutoka kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuna hoja nzito ya kuamuliwa yenye dalili ya kushinda, mwombaji ataumia kwa namna isiyofidika kwa fedha, na akinyimwa ataumia zaidi kuliko mwenzake atakavyoumia akipewa. Zuio lenyewe halikai milele, sheria ya mwenendo wa madai inaliwekea miezi 6 na nyongeza zake zote hazivuki mwaka. Sasa fikiria kesi ya msingi ikichukua miaka 4.

Aina ya kanisa nayo inabadilisha kila kitu. Kanisa la maaskofu lina ngazi na kitabu cha kanuni, kanisa la wazee lina mabaraza yanayopandiana, la washirika linajitawala kila moja kivyake, na haya yote yana cha kumpa jaji asome. Tabu iko kwenye makanisa ya mwanzilishi, yale ambayo nabii akifa hakuna uchaguzi, kuna wosia. Kanisa la Wanazareti la Shembe kule KwaZulu-Natal ni mfano mzuri. Vimbeni Shembe alifariki 2011, wakabaki wawili wanaodai kiti, mwanae Mduduzi na Vela ambaye ni wa ukoo huohuo. Mahakama Kuu ya Durban haikuuliza nani ana upako wa babu yao. Iliangalia mila ya kanisa, kwamba kiongozi ndo anamtaja mrithi wake, alafu ikauliza alimtaja nani, na ikatazama hati ya uteuzi iliyoandikwa kwa wakili. Mwaka 2016 ikasema ni Vela. Rufaa zikafuata zikashindwa, mgawanyiko haukuisha.

Tukija kwenye mali ndo penye moto, maana ukitoa majengo, viwanja na akaunti za benki, nusu ya migogoro hii ingekwisha kwa watu kuanzisha kanisa jingine ng'ambo ya barabara. Mwaka 1900 huko Uskoti, Free Church iliungana na kanisa jingine, walio wengi sana wakakubali, wakabaki wachungaji wasiofika 30 waliokataa wakasema muungano huu unaacha mafundisho ambayo waasisi walitolea mali zao. Mwaka 1904 mabwana wa House of Lords, iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa Uingereza enzi hizo, wakaamua, 5 kwa 2, kwamba wale wachache ndo wako sahihi, mali ilitolewa kwa amana kwa ajili ya mafundisho yale, walio wengi hawawezi kuyabadilisha na bado wakabaki na mali. Majaji walijikuta wanabishana kuhusu mafundisho ya kuteuliwa tangu awali na Mungu, kitu ambacho leo jaji yeyote atakikimbia. Matokeo yake kundi dogo likapewa mamia ya makanisa, vyuo na fedha za umisheni ambazo lisingeweza kuzisimamia hata kidogo, ikabidi bunge litunge sheria mwaka 1905 kugawa upya. Uamuzi wa kisheria ulikuwa na mantiki yake, ila haukutekelezeka.

Marekani walikwenda njia mbili tofauti. Miaka ya mwanzo ya 1870, kwenye kesi ya kanisa la Walnut Street huko Louisville lililopasuka kwa sababu ya utumwa, Mahakama ya Juu ilisema kanisa likiwa na ngazi, mahakama itaheshimu uamuzi wa ngazi ya juu kabisa, basi. Baadae mwaka 1979, kesi ya kanisa moja la Georgia ambalo washirika 164 dhidi ya 94 walipiga kura kujitoa, ikaruhusu njia nyingine: acha dini pembeni, soma hati ya kiwanja na katiba kama unavyosoma karatasi za mtu mwingine yeyote. Makanisa yakaelewa haraka. Mwaka huohuo Kanisa la Episkopali likaweka kanuni kwamba mali ya kila parokia inashikiliwa kwa amana ya dayosisi na kanisa zima, ili parokia ikitaka kuondoka iondoke mikono mitupu.

Harare ilikuwa hivyohivyo. Askofu wa Anglikana Nolbert Kunonga mwaka 2007 alijitoa kwenye Jimbo la Afrika ya Kati la kanisa hilo, akabaki ameshika makanisa, shule na akaunti, waumini wa upande wa pili wakawa wanazuiwa na polisi kuingia kwenye majengo yao wenyewe, wakasali nje. Ilichukua mpaka Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe kusema jambo ambalo kwenye karatasi lilikuwa rahisi kabisa: ukijitoa kwenye kanisa umejitoa na uaskofu wake, na mali ni ya kanisa ulilolitoka. Miaka 5 kwa sentensi moja.

Kuna na wachungaji wanaokwepa yote hayo wakaenda kwenye mabaraza ya kazi, wakidai wamefukuzwa ajira. Inategemea barua. Uingereza mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimwambia mchungaji wa Kimethodisti kwamba yeye sio mwajiriwa kwa sababu hakuna mkataba wa ajira, utumishi wake uko kwenye kanuni za kanisa. Ukiwa na barua ya ajira, mshahara wenye makato na likizo, hoja yako inakuwa na miguu zaidi.

Na ukishinda je? Kesi ndefu kuliko zote ninazozijua ni ya Wakristo wa Malankara kule Kerala, India, wa-Orthodox na wa-Jacobite, ambao wamekuwa wakishtakiana kizazi kwa kizazi. Mahakama ya Juu ya India iliamua 1958, ikaamua tena 1995, mwaka 2002 uchaguzi ukafanyika huku jaji mstaafu aliyewekwa na mahakama akiangalia, na Julai 2017 ikasema tena makanisa yote, yanayozidi 1,000, yaongozwe na katiba ya kanisa ya 1934, kwa maana kwamba wa-Orthodox ndo wanaweka mapadre. Kwenye makanisa mengi waumini walikuwa wa-Jacobite, wakafunga mageti wakakaa ndani. Kule Piravom mwaka 2019 ilibidi polisi waingie na mkuu wa wilaya akabidhiwe kanisa. Familia zikawa zinagombania maiti, padre wa upande ulioshinda anasema mazishi yataongozwa na yeye au hayafanyiki, ndugu wanasema marehemu hakumtambua huyo padre maisha yake yote. Mwaka 2020 serikali ya jimbo ikatunga sheria ya makaburi: muumini ana haki ya kuzikwa kwenye makaburi ya parokia yake walikolala wazee wake, na ndugu wakitaka wanaweza kuleta padre wao wakafanyia ibada sehemu nyingine alafu wakaja kuzika tu. Nani ndo padre halali wa parokia, sheria hiyo haikugusa kabisa.